Mkate wa siku gani? Juu ya neno «epiusio» na namna tunalitumia

Tangia mwezi wa nane wa mwaka uliopita niko na neno moja kichwani, na si neno la udongo wala la mbolea. Ni neno la Kigriki. Wenye walisoma teolojia watanicheka, kwani miye lisansi yangu ni ya agronomia na Kigriki nilianza kukitafuta kwa hasira, si kwa wito. Lakini hasira ikanifikisha kwenye vitabu, na vitabu vikanionyesha kwamba mtu niliyekuwa nimemkasirikia alikuwa amesema nusu ya kweli. Njo maana naandika.

Siku hiyo nilimsindikiza mama mdogo kanisani kwake, kanisa dogo la mtaa. Pasta alihubiri juu ya sala ya Bwana. Alipofika kwenye mkate akasimama, akafuta jasho, akasema: «Bapendwa, mu Kigriki haiko mkate wa kila siku! Iko epiousios! Mkate wa kesho! Mungu anataka kukupatia leo ile ya kesho!» Kanisa zima likalia amina. Kisha akaongeza kwamba mwenye anataka mavuno ya kesho alete mbegu yake leo.

Watu wa muji walielewa haraka kwamba mbegu ni franga. Mama mdogo yeye ni mlimaji. Alisikia mbegu, akaelewa mbegu. Juma iliyofuata akapeleka mbele ya madhabahu maharagi yake aliyokuwa amechagua moja moja, karibu beseni nzima, aliyokuwa anachunga kwa kupanda mwezi wa tisa. Niliporudi kumtembelea alikuwa tayari amenunua mengine sokoni. Nikachukua punje 100, nikazifunga ndani ya kitambaa chenye maji, nikangoja siku saba. Zikaota 54. Zingine zilikuwa zimetobolewa na wadudu, zingine zimezeeka tu. Nilipomuuliza kwa nini hakunipigia simu mbele, akanijibu: «Mwana wangu, pasta alisema ni Kigriki.»

Sasa tuangalie hiyo Kigriki.

Neno lenyewe ni epiousios. Nitaliandika epiusio, ulimi usichoke. Katika Biblia nzima liko mara mbili tu, katika Matayo 6:11 na katika Luka 11:3, na mara zote mbili ni ndani ya sala hiyohiyo. Liko tena katika Didakhe, kitabu kidogo cha mafundisho ya Wakristo wa kwanza, lakini pale pia ni ile sala inarudiliwa. Nje ya hapo hakuna. Wagriki waliandika juu ya kila kitu, juu ya vita, nyota, ulimaji, ugonjwa wa ng'ombe, na katika maandiko yao yote yaliyobaki neno hili halionekani.

Si sisi wa kwanza kushangaa. Origene, mwalimu mkubwa wa Kanisa wa karne ya 3, mtu aliyezaliwa Misri na ambaye Kigriki kilikuwa lugha yake mwenyewe, aliandika kitabu juu ya sala. Anasema humo kwamba neno hili halitumiwi na wenye elimu, wala halisikiki kinywani mwa watu wa kawaida; kwake linaonekana kama lilitungwa na wainjili wenyewe. Fikiri kidogo. Mtu huyu alikuwa na Kigriki tangu maziwa ya mama, aliishi miaka kama 200 baada ya Yesu, na alikuwa anakisia. Sisi miaka 2000 baadaye tunasimama na maikro mkononi na kusema «mu Kigriki maana yake ni hii», bila hata kukohoa.

Kulikuwa na wakati mmoja watu walifikiri fumbo limeisha, na hadithi hiyo inanipendeza sana kwa sababu ni hadithi ya soko. Mwaka 1889 kulichapishwa maandishi ya mafunjo yaliyochimbuliwa Hawara, Misri. Moja ilikuwa orodha ya matumizi, kama zile mama anaandika mbele ya kwenda soko. Msomi Mwingereza, Archibald Sayce, alisoma ndani yake neno moja lililokatika, na wengine wakaona: hii hapa, epiusio! Basi kumbe lilikuwa neno la kawaida la posho ya siku. Kwa miaka mingi vitabu vilirudilia hivyo. Shida, karatasi yenyewe ilikuwa imepotea na hakuna mtu aliweza kuihakikisha. Mwaka 1998 ikapatikana Marekani, katika maktaba ya Beinecke ya universite ya Yale. Walipoisoma tena kwa macho mapya, neno halikuwa epiusio. Lilikuwa elaiou. Yaani mafuta. Mutu aliandika mafuta kwenye orodha yake ya soko, na kwa miaka mingi teolojia ikajengwa juu yake.

Basi neno limebaki peke yake tena. Inabaki kulipasua na kuangalia ndani, na hapo kuna njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza inasema: epi, «juu ya», pamoja na ousia, «uwapo, asili ya kitu». Hapo unapata mkate wa lazima kwa kuwapo kwetu, ao ukipanda juu zaidi, mkate unaopita kila kitu kilichopo. Yeronimo, alipotafsiri Injili kwa Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, alifuata njia hiyo katika Matayo na kuandika supersubstantialem. Lakini katika Luka, neno lilelile, mtu yuleyule, akaandika quotidianum, «wa kila siku». Nilipoona hivyo nilifunga kitabu nikatoka inje kupata hewa. Kwetu fakulte, ukiita mmea mmoja majina mawili ndani ya memuwari moja, unarudishwa nyumbani. Na Wakatoliki wanaosali Kilatini wanafuata sala jinsi ilivyo katika Matayo, lakini kwenye mkate wanasema quotidianum, hapana lile neno refu. Mdomo wa watu ulikataa kulimeza.

Njia ya pili inasema: epi pamoja na kitenzi ienai, «kwenda, kuja». Wagriki wanaita siku inayofuata he epiousa, yenye kuja. Luka mwenyewe anatumia hivyo katika Matendo 16:11, pale Paulo na wenzake wanasafiri kwa merikebu na kufika Neapoli siku ya pili yake. Kwa njia hiyo mkate wa epiusio ni mkate wa siku inayokuja. Na Yeronimo, ambaye inabidi tumshukuru hapa, anatuachia ushuhuda mwingine: anasema aliona katika Injili moja ya Waebrania, ambayo leo haiko tena mikononi mwetu, neno mahar. Mahar ni kesho.

Kuna hoja moja ya sarufi ambayo msemaji wa Kiswahili anaishika mara moja. Kwetu vokali zikikutana, moja inaumia: hatusemi «ki-etu», tunasema chetu, hatusemi «wa-ingi», tunasema wengi. Kigriki nacho kiko vile. Epi ikikutana na neno linaloanza na vokali, kwa kawaida i ya mwisho inaanguka. Kama neno lingetoka kwa ousia, tungengojea kusikia epousios, bila i. Lakini kitenzi cha kuja chenyewe kinaanza na i, ndiyo sababu epiousa inabaki na i yake. Kuna maneno mengine ya Kigriki yanayovunja kanuni hiyo, kwa hiyo si hoja ya kufunga kesi. Lakini inasukuma mizani upande mmoja, na miye mizani yangu imelalia huko: mkate wa siku inayokuja.

Mnaona sasa shida yangu na pasta. Mkate wa kesho! Hakudanganya. Alichukua maelezo ambayo hata miye nayaona kuwa ya nguvu kuliko mengine. Kosa lake liko mahali pengine, na ni la aina mbili.

La kwanza: hakusema kwamba kuna maelezo mengine. Neno adimu lina nguvu ya pekee. Kwa neno kama «ng'ombe» kila mtu kanisani anaweza kukupinga. Kwa neno ambalo hata Origene hakulijua vizuri, nani atanyosha mkono? Upungufu wa ujuzi wetu sisi wote unageuzwa kuwa mamlaka ya mtu mmoja. Na tusijidanganye kwamba ni mapasta tu. Sisi wenye lisansi tunafanya hivyo kila mara. Niliona mwenzangu mmoja akimwambia mlimaji mzee «udongo wako uko na asidite» bila kupima chochote, kwa kuwa mimea ilikuwa ya njano. Mzee akanyamaza. Neno lilimshinda, hapana hoja.

La pili ni kubwa zaidi. Aliposikia kesho, akafanya kesho iwe ndefu. Kesho yake ilikuwa gari, nyumba, mavuno ya mwaka, viza ya Kanada. Lakini siku «inayokuja» katika neno hili ni siku moja. Ukisali asubuyi mapema, ni siku hii inayofunguka mbele yako. Ukisali magaribi, ni kesho. Haipiti hapo.

Kuna watu wanaopinga maelezo ya kesho kwa kusema: mbona katika sura ileile ya 6 ya Matayo, mstari wa 34, Yesu anakataza kusumbukia kesho? Pingamizi hilo lilinisumbua siku nyingi. Jibu sikulipata kitabuni, nililipata njiani, saa kumi na moja magaribi, nikiangalia vijana wanaorudi kutoka mashamba ya watu. Mtu wa kibarua kwetu analipwa magaribi. Anapita soko la jioni, ananunua unga, chumvi, mafuta ndani ya kikombe kidogo, sombe. Watoto wanakula usiku ule, na kinachobaki ni cha asubuyi, kwani bila kitu tumboni hatashika jembe. Franga ya leo ni nguvu ya kesho. Asipolipwa leo, si leo tu inakufa, na kesho pia, kwa sababu mwenye njaa hachukuliwi kazi.

Angalia Matayo 20: wafanyakazi wa shamba la mizabibu wanaitwa sokoni asubuyi, wanalipwa dinari moja jioni. Angalia Kumbukumbu la Torati 24:15: mpe mtu wa mshahara haki yake mbele ya jua kushuka, maana ni maskini na moyo wake uko juu ya hiyo. Sala ya Bwana ilitoka katika inchi ya watu wa namna hiyo. Mtu wa kibarua akiomba apewe leo mkate wa siku inayokuja, hasumbukii kesho. Anaomba alale. Ni mwenye mshahara wa mwezi ao ghala iliyojaa ambaye hapo haoni maana, na wengi wa wasomi waliotafsiri neno hili walikuwa na mshahara.

Nilimweleza mama mdogo mambo haya yote, pamoja na mana ya jangwani, Kutoka 16: pishi moja kwa kila kichwa, mwenye kulimbika usiku anakuta mafunza, lakini siku ya sita unaokota mara mbili kwa ajili ya sabato. Hata pale kuna siku moja ambayo mkate wa kesho unatolewa leo, na kipimo chake kiko wazi: siku moja mbele, si zaidi. Alisikiliza, akiendelea kuchambua lengalenga, kisha akauliza: «Sasa kama ni ya siku moja, mbegu yangu iliingia wapi mule?»

Haikuingia. Hilo njo jibu. Mbegu si mkate. Mlimaji anajua mambo mawili ambayo pasta aliyachanganya: chakula unakula, mbegu haikuliwi hata njaa ikiuma. Kwetu Kivu, miezi kati ya kupanda na kuvuna, wakati ghala iko tupu na shamba bado ni majani, ndiyo miezi ya majaribu, na nyumba inayokula mbegu yake imekula msimu wa mbele. Mwenye kuomba mkate wa siku moja, kwa siku moja, anaomba njo ile mbegu ibaki salama ndani ya chungu chake. Kumwambia atoe mbegu ili apate mkate ni kugeuza sala kichwa chini.

Sitaki nionekane kama naonea makanisa ya uamsho. Kwa upande mwingine kuna rafiki yangu aliyepita seminari, mtu mpole, ambaye aliponiona na mambo haya akaniambia: «Usijisumbue, mkate ule ni Ekaristi.» Ni kweli kwamba mababa wengi wa Kanisa waliona Ekaristi pale, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2837, inaweka maana zote pamoja: ya wakati, ya mahitaji ya maisha, na ya Mwili wa Kristo. Imeziweka pamoja! Haikufuta chakula. Rafiki yangu alikuwa amekwisha kukifuta, akiwa ameshiba. Ukimwambia mama mwenye watoto sita kwamba sala yake ya pekee juu ya chakula haihusu chakula, umemnyang'anya kama yule wa beseni, ila kwa sauti ya chini.

Nije kwa Kiswahili chetu, kwa kuwa hapa ndipo miye niko na lawama pia kwa watafsiri. Sala ya Wakatoliki inasema mkate, wa kila siku. Biblia ya Union, ya mwaka 1952, inasema riziki, basi. Ukitafuta epiusio katika Matayo ya Union hulioni; limeyeyuka ndani ya riziki kama chumvi ndani ya mboga.

Mkate kwetu ni kitu cha chai. Unga wa ngano karibu wote unatoka inje, ukitoa kidogo kinacholimwa kule juu, milima ya Lubero. Mtu anaweza kukaa juma mbili bila mkate na asiseme ana njaa. Akikaa siku mbili bila bugali, hapo mutasikia. Wakati wa Yesu mkate ndio ulikuwa bugali, na kwa maskini ulikuwa wa shayiri, nafaka inayovumilia udongo mkavu na kuiva mbele ya ngano. Ile mikate mitano ya mtoto katika Yoane 6 ilikuwa ya shayiri. Kwa hiyo neno mkate, ingawa ni sahihi, linatuletea harufu ya buti na siagi mahali penye kulikuwa jasho.

Riziki ni neno zuri zaidi, tena lina mizizi: ni la Kiarabu, na kwa Waislamu Mungu ni Ar-Razzaq, mwenye kuruzuku. Linabeba chakula, kazi, bahati njema, yote. Kwetu wengi walilijua kwanza kama jina la mtoto wa jirani kabla ya kujua kwamba ni neno. Lakini riziki ni kubwa mno. Haina mwisho. Pasta wa gari na viza anaweza kuingia ndani ya riziki na kugeuza bila kugonga ukuta. Kile ambacho epiusio inafanya, vyovyote utakavyolipasua, ni kuweka kipimo: cha kutosha kuwapo, ao cha siku inayokuja. Union imetupa neno tajiri na kutuondolea kipimo. Sala ya Kikatoliki imetunza kipimo, lakini kwa neno «kila» imekifanya kuwa desturi, wakati Matayo anasema leo, mara moja, kama mtu aliye mlangoni. Wafaransa walibadilisha mwaka 1966: toka «wa kila siku» kwenda «wa siku hii». Wakristo wengi wa kwetu wanasali Kifaransa hicho bila kuona kwamba kilibadilika. Mwaka 2017 walipogusa mstari wa majaribu, kelele zilijaa dunia nzima. Ya mkate ilipita kimya.

Kama mngeniuliza miye, na hakuna aliyeniuliza, ningesema chakula chetu cha kufikia kesho. Haina utamu wa kuimba, najua. Nilimwambia mama mdogo, akasema hataisali vile, amezoea ile yake, lakini maana ameshika.

Nilikwenda pia kwa pasta, na heshima zote, nikamwonyesha Matayo 20. Hakukasirika. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, «Agronomo, hiyo ya kulipwa magaribi ni ya kweli, baba yangu alikuwa kibarua.» Maharagi hakuyataja. Nami, nikiwa nyumbani mwa mtu mzima, sikuthubutu kuyataja mara ya pili.

Wenye muko na Biblia ya Mashi, Kihavu, Kinande, Kilega ao Kifuliiru nyumbani, fungueni Matayo 6:11 na muniandikie ni neno gani wameweka pale penye epiusio, na bibi zenu wanalielewa namna gani. Ile ya lugha ya kwetu niliazima kwa jirani, nikakuta panya wamekula ukurasa ule hasa.